Kilomita 4,000 kwa siku kumi, na mama mzazi ndani ya gari

Swali: “Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania, naishi Hannover mwaka wa sita sasa. Agosti mama anakuja kutoka Tanga kwa viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Nataka nimpakie kwenye gari letu pamoja na mke wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine mitatu, tushuke mpaka Dubrovnik kule Kroatia, kisha turudi kwa kupitia Italia na Uswisi ili aone nchi nyingi kwa mpigo. Nina likizo ya siku kumi. Mke wangu alikuja Ujerumani mwaka juzi, ana leseni ya Tanzania na anaendesha vizuri, kwa hiyo tutapokezana usukani. Rafiki yangu kanishauri siku ya kwanza tukate usiku kucha mpaka Slovenia, barabara ikiwa tupu. Niandae nini?” – Baba Nasra

Marahaba, Baba Nasra. Ulipouliza uandae nini, nahisi ulitegemea nikutajie jeki na oili. Huko tutafika. Nimeendesha malori miaka kumi na saba kati ya Hamburg na Italia ya kaskazini, na Kroatia nimeshuka mara nyingi na familia yangu. Barabara za huku hazina neno. Wenzetu wengi niliowaona wakikwama njiani walikwamishwa na karatasi.

Tuanze na la nyumbani. Mkeo, Mama Nasra, hawezi kushika usukani katika safari hii. Najua anaendesha vizuri, pengine kukushinda wewe, lakini sheria ya Ujerumani inampa aliyehamia nchini miezi sita tu ya kutumia leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya, tangu siku alipoanza makazi yake hapa. Ikipita, leseni ya Tanzania haimpi tena ruhusa yoyote. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo atalazimika kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mtu anayeanza. Kile kijitabu cha leseni ya kimataifa hakimsaidii kitu, kwa sababu chenyewe ni tafsiri tu ya leseni aliyonayo. Wengi wetu tunalichukulia jambo hili kama faini ya kupaki vibaya. Ni jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Mwenye gari aliyemkabidhi ufunguo naye anashtakiwa, yaani wewe. Mkigonga mtu, bima itamlipa yule mtu, halafu itakugeukia wewe na inaweza kukudai hadi euro 5,000.

Usiniambie kwamba fulani ameendesha hivyo miaka mitatu na hajakamatwa. Ameendesha mtaani kwake kwenda dukani. Ninyi mnakwenda kuvuka mipaka ambako askari huomba pasipoti na leseni kwa mkono mmoja.

Basi dereva ni mmoja, na Mama Nasra ndiye utingo. Kazi ya utingo mzuri usiidharau: anashika ramani, anahesabu saa, anagawa maji, anamaliza ugomvi wa kiti cha nyuma, na anakusemesha macho yanapoanza kukuwia mazito.

Sasa pima mpango wako kwa dereva huyo mmoja. Hannover mpaka Dubrovnik ni kama kilomita 1,850. Kurudi kwa Trieste, Milan, handaki la Gotthard na Basel ni zaidi ya hapo. Jumla unakaribia kilomita 4,000 kwa siku kumi, wastani wa kilomita 400 kila siku ya Mungu, bila siku moja ya kuamka na kuulizana tule nini. Mama atakachokiona ni kisogo chako.

Sisi wa malori tunafungwa na sheria ya Ulaya: saa tisa za usukani kwa siku (mara mbili tu kwa wiki unaruhusiwa kumi), na kila baada ya saa nne na nusu lazima usimame dakika 45. Takografu, kile kifaa cha ndani ya lori, inarekodi yote, na askari anaisoma kama kitabu. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kuendesha, wenye kiti kizuri, na wasio na mtoto wa miaka mitatu anayelia mgongoni. Dereva wa familia hana takografu, ndiyo maana anajidanganya. Mimi ningekuwekea saa sita za usukani kwa siku, na kituo kila baada ya saa mbili hata kama hujachoka. Vituo hivyo ni vya mama kuliko vyako. Mtu wa umri wake akikaa muda mrefu miguu imekunjwa, inavimba, na damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Ashuke, atembee mpaka kwenye miti na kurudi. Anywe maji pia. Kina mama zetu hujinyima maji safarini kwa kuogopa kusumbua watu na choo, sasa mwambie mapema kuwa vyoo vipo.

Ushauri wa rafiki yako wa kukata usiku kucha, mrudishie. Usingizi hauji kwa hodi. Ule wa kuiba, wa sekunde tatu, huwezi hata kuuhisi. Kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa, gari linakwenda mita 36 kila sekunde, kwa hiyo umelala umbali wa zaidi ya mita mia. Barabara tupu ndiyo inayolaza watu zaidi, hasa kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku. Kuna mwaka nilisimama kwenye kituo karibu na Ingolstadt alfajiri, nikaona gari la familia limeegeshwa likiwa na alama nyeusi za tairi la lori ubavuni, kuanzia mlango wa mbele mpaka taa ya nyuma. Baba mtu amekaa chini kwenye nyasi, watoto wamezungushiwa blanketi, wote wazima. Hakusema neno. Alikuwa anaziangalia tu zile alama.

Karatasi nyingine ni viza ya mama, na hapa naomba usome taratibu. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia euro. Ujerumani, Austria, Slovenia, Italia na Uswisi zote zimo pia. Viza moja inamtosha kwa zote. Tatizo lipo Neum. Ukishuka pwani ya Kroatia kuelekea Dubrovnik, barabara ya zamani inakatiza kipande kifupi cha Bosnia, kilomita chache tu, ambako nchi hiyo imepata mlango wake wa baharini. Bosnia haimo Schengen. Kama viza ya mama ni ya kuingia mara moja, akivuka pale ametoka, na mlango umefungwa nyuma yake. Hata kama ana siku arobaini zimebaki, hataruhusiwa kurudi. Na Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen ilianza kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta unaosajili alama za vidole na picha ya uso, unaohesabu wenyewe kuingia na kutoka. Maombi ya “tulipita tu, hatukukaa” hayana wa kuyasikiliza.

Dawa ya Neum ipo: daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022. Lina urefu wa kama kilomita 2.4, linaruka juu ya bahari na kukuacha ndani ya Kroatia mwanzo hadi mwisho, wala halina tozo. Lakini ramani ya simu haijui viza ya mama. Pakiwa na foleni ndogo darajani, itakwambia pita Neum uokoe dakika kumi. Na utamaduni wa kusema “tufike na Mostar mara moja tukaone lile daraja la mawe” nao uache, ni Bosnia vilevile.

Wewe na Mama Nasra kadi zenu za ukaazi wa Ujerumani zinawaruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180, ila kadi peke yake haitoshi, lazima iambatane na pasipoti hai. Watoto vivyo hivyo, kila mmoja na yake. Kama kuna mmoja wenu ambaye kadi yake inafanywa upya na ameshika ile karatasi ya muda, ulizeni ofisi iliyoitoa kabla ya kuondoka. Na msidhani hakuna anayeuliza. Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya ardhini tangu Septemba 2024, Slovenia inakagua wanaotoka Kroatia, Italia inakagua wanaotoka Slovenia, na gari lenye sura kama zetu halipungiwi mkono mara nyingi. Nasema hivyo bila uchungu, ni hesabu ya dakika tu: pasipoti tano ziwe kwenye mfuko mmoja, mbele, pamoja na bima ya afya ya safari ya mama. Bima hiyo ndiyo aliyopatia viza, ya angalau euro 30,000, na inafanya kazi nchi zote mtakazopita.

Sasa nikupangie safari ambayo ningemwendesha mama yangu mwenyewe. Dubrovnik itoe, ishia Zadar. Uswisi itoe kabisa. Stika ya barabara za Uswisi ni ya mwaka mzima tu, faranga 40, hata kama unapita kwa muda wa saa nne tu. Na mbele ya Gotthard, handaki la karibu kilomita 17, foleni ya kiangazi inaweza kumaliza hamu yote ya kuiona milima. Italia tutaichukua kidogo, kwa ajili ya Venice, kwa sababu najua mama akirudi Tanga ataulizwa.

Ondoka Jumatatu. Usiondoke Jumamosi hata kwa dawa. Nyumba za kupanga kwenye pwani ya Kroatia hubadilisha wageni Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo nusu ya Ujerumani inashuka siku hiyo na nusu nyingine inapanda. Siku ya kwanza shuka kwa barabara kuu ya A7, mpite Kassel na Würzburg, mlale Nürnberg, kama kilomita 465. Vile vilima vya Kassel vinachosha gari lililobeba, usishindane na mtu. Siku ya pili ni München, Salzburg, kisha A10 kupita milima ya Tauern hadi Villach, kama kilomita 500. Ni siku ndefu, lakini ndiyo nzuri kuliko zote, hivyo mpe mama kiti cha mbele. Siku ya tatu handaki la Karawanken, Ljubljana, na mnafika Zadar jioni. Mtakaa hapo usiku nne. Siku ya saba mnapanda kwa Rijeka na Trieste mpaka Mestre, mnalala huko usiku mbili, siku ya nane ni ya Venice. Siku ya tisa mnarudi kwa Udine na Tarvisio mpaka Villach na München. Siku ya kumi Würzburg, ya kumi na moja nyumbani. Hizo ni siku kumi na moja, kwa hiyo omba siku moja kazini. Ukinyimwa, iache Venice mrudi njia mliyoendea, lakini usiibe siku kutoka kwenye zile za Zadar.

Zadar kwa nini? Pale ukingoni mwa mji wa kale kuna ngazi za mawe zinazoteremka hadi kwenye maji, zilizojengwa mwaka 2005 na msanifu Nikola Bašić, na chini yake kumefichwa mabomba. Wimbi likiingia linasukuma hewa, na mabomba yanatoa sauti, nene au nyembamba kulingana na bahari ilivyoamka. Watu wanakaa tu. Mama yako bahari anaijua tangu kuzaliwa, hana haja ya kuonyeshwa maji ya chumvi, ila bahari inayopuliza zumari hiyo hajaisikia Tanga.

Njiani kila nchi ina namna yake ya kukuchota fedha. Ujerumani gari dogo halilipi. Austria unahitaji kile kibali cha barabara wanachokiita vinyeti. Cha siku kumi ni euro 12 na ushee, kinakuanzia siku ya pili na kitakurudisha siku ya tisa. Juu yake kuna tozo za pekee: sehemu ya Tauern karibu euro 15, na Karawanken karibu euro 9. Tozo hizo vinyeti haiziondoi, hulipwa kibandani au mapema mtandaoni. Slovenia vinyeti yao ni ya kidijitali tu tangu 2022, ya wiki ni kama euro 16, na ukikamatwa huna, faini inaanzia euro 300. Wiki ni siku saba mfululizo tangu tarehe uliyochagua, na ndiyo maana nimekulaza Villach: ukiingia Slovenia siku ya tatu asubuhi, kibali kinaishi mpaka siku ya tisa usiku, kwenda na kurudi. Ungelala Bled, ungeianza siku ya pili, na kuchelewa kidogo tu kurudi kungekugharimu nyingine. Kroatia na Italia ni tiketi: unaichukua unapoingia barabara kuu, unalipa unapotoka, kwa umbali. Zagreb mpaka Zadar ni euro 15 hadi 20 hivi. Miaka hii Kroatia inabadilisha mfumo wake, basi wiki moja kabla ya safari tazama kama vibanda bado vipo.

Vinyeti nunua kwa wenyewe: Austria ni ASFINAG, Slovenia ni DARS. Mtandaoni kuna madalali kibao wanaojipamba kama serikali na kukutoza juu. Na namba ya gari iandike huku umesimama mbele ya gari, si kwa kukumbuka. Kibali kinafuata namba, na kamera haijui huruma. Sifuri na herufi O zimewalipisha faini watu waliokuwa wamelipia kila kitu. Chagua na nchi sahihi, D ya Ujerumani. Picha ya risiti iwe kwenye simu mbili.

Milimani ramani ya simu itajaribu kukuchepusha tena. Foleni ya Karawanken ikiwa ndefu, itakwambia panda Wurzenpass. Kile kilima kina mwinamo wa hadi asilimia 18. Gari lenye watu watano na mizigo, klachi inanuka kabla hujafika juu. Kaa kwenye foleni, fungua katlesi. Huko Austria kuna wilaya ambazo wikendi za kiangazi haziruhusu hata kushuka barabara kuu kukwepa foleni, na askari wanasimama pale pale kwenye kona kurudisha watu.

Jambo la otobani, yaani barabara kuu za Ujerumani, ambalo dereva aliyejifunzia kwingine hushtushwa nalo: foleni ikianza tu kusimama, kabla hujasikia king'ora, magari yanafungua njia ya ambulensi katikati. Leni ya kushoto kabisa inasogea kushoto, nyingine zote kulia. Tandaza mkono wako wa kulia, kiganja chini: dole gumba ndiyo leni ya kushoto, vidole vinne ni hizo nyingine, na pengo kati yake ndimo ambulensi inamopita. Ujerumani usipofungua ni euro 200 na leseni inapumzika mwezi mmoja, na wewe ndiye dereva pekee. Austria wanafanya hivyohivyo. Mwendo nje ya Ujerumani ni 130 katika nchi zako zote, isipokuwa ubao useme vingine. Austria utaona 100 imeandikwa pamoja na herufi IG-L, maana yake ni hewa ya bondeni, na kamera zinaifuata kama kikomo kingine chochote.

Italia sasa, na hapa nina kovu langu. Miji yao ya zamani ina maeneo yanayoitwa ZTL, ambamo magari ya wasio wakazi hayaingii saa fulani. Hakuna geti wala mlinzi. Kuna ubao mweupe wenye duara jekundu, na chini yake taa zinaandika “varco attivo”. Mimi, na Kiitaliano changu cha sheli na maghala, nilisoma nikaelewa kwamba mlango uko wazi, pita. Kumbe maana yake ni kwamba lango linafanya kazi: kamera inakupiga. Ilikuwa mji mmoja wa Toscana, natafuta hoteli, nikazunguka mtaa mara mbili kwa sababu mke wangu aliona geti la nyuma. Miezi mitano baadaye ikaja bahasha nyumbani, faini mbili, kila mzunguko na yake, dakika nne zikitofautiana. Bado nazihifadhi. Kwa hiyo Mestre tafuta hoteli yenye maegesho yake nje ya katikati, gari lilale, na Venice mwende kwa treni, dakika kumi tu. Gari halina kazi Venice hata ukilipenda vipi. Bahasha kama hiyo ikikufikia, usiitupe. Faini nyingi za Italia hupungua asilimia 30 ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea.

Mafuta usijaze kwenye vituo vya barabara kuu ukiweza kutoka nje kidogo. Tofauti inalipa chakula cha mchana. Ujerumani tafuta bango la Autohof, kituo kilicho nje kidogo ya njia ya kutokea. Bei nafuu, vyoo safi, na pana nyasi za mama kuswali bila kukanyagwa. Italia angalia pampu: “servito” ni ya kuhudumiwa na ina bei ya juu, “fai da te” ni jihudumie. Kisha kuna neno linaloua injini, “gasolio”. Linasikika kama petroli, nalo ni dizeli. Usiende kwa maneno, nenda kwa umbo. Tangu Oktoba 2018 kote katika Umoja wa Ulaya petroli ina alama ya duara yenye E5 au E10, dizeli ina mraba wenye B7. Gari lako la petroli litafute duara kwenye mpira wa pampu na duara hilohilo kwenye mfuniko wa tangi.

Gari lenyewe sasa, kwa ufupi, maana hilo fundi wako atalimaliza. Upepo wa matairi si ule wa siku zote. Kuna karatasi kwenye fremu ya mlango au ndani ya mfuniko wa mafuta inayoonyesha kiasi cha gari lililojaa, fuata hiyo, na upime tairi likiwa baridi. Tazama kama una tairi la akiba kweli. Magari mengi ya sasa yana kichupa cha gundi tu. Vizibao vya kung'aa viwe vitano, ndani ya gari walipo watu, si chini ya mabegi kwenye buti, kwa sababu ukiharibikiwa unatakiwa ukivae kabla ya kushuka. Pembetatu na sanduku la huduma ya kwanza unavyo tayari kwa sheria ya Ujerumani. Taa washa mchana kutwa, Slovenia wanadai na Italia wanadai nje ya miji, na nyingine haikudhuru. Chukua uanachama wa klabu ya magari wenye kinga ya Ulaya nzima. Kuvutwa na gari la uokoaji kutoka milimani bila huo ni hadithi ndefu. Namba ya dharura ni 112 kokote. Watoto wote wawili viti vyao, hata yule wa miaka tisa kama hajafika sentimita 150, na usimpakate mdogo hata akililia vipi, wala bibi yake asimpakate. Hapo utabishana na mama, najua. Mwambie ni sheria ya wazungu, atakubali haraka zaidi kuliko ukimwambia ni fikra zako.

Kadi ya benki iwe ya Visa au Mastercard na uijue namba yake ya siri, maana kadi ya Kijerumani ya dukani hukataliwa kwenye vibanda vingi huko kusini. Weka na euro 100 taslimu, ndogondogo.

Kabla hujalipia hata chumba kimoja, mpigie mama Tanga leo. Avae miwani, afungue pasipoti kwenye ile stika ya viza, akusomee palipoandikwa idadi ya kuingia. Akikuta 01, Bosnia hamuikanyagi hata kwa gurudumu moja. Akikuta MULT, yaani kuingia mara nyingi, mnapumua kidogo. Kisha asome na idadi ya siku, uhesabu kuanzia atakapotua, si kuanzia mtakapoondoka Hannover. Viza ikiwa bado haijatoka, usinunue vinyeti.